Mimea ya majani manene hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu

Tukizungumzia maua katika kipindi cha asubuhi, siku hizi kuna ujumbe ambao haukosekani. Msikilizaji anatuma picha ya mmea mdogo kwenye kikombe, majani yake yamelegea na kung'aa kama yamechemshwa. Chini ya picha ameandika: "Mtangazaji, naumwagilia kila siku lakini unazidi kufa. Nifanyeje?"

Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Unakufa kwa sababu unamwagiliwa kila siku.

Simcheki mtu, maana mimi mwenyewe nimepita huko huko. Mwishoni mwa Februari nilinunua miche saba kwa muuza maua wa kando ya barabara hapa Mwanza, kila mmoja shilingi elfu tatu. Niliipanga barazani kwa madaha. Masika yalipoanza niliiacha nje inyeshewe, na siku ambazo mvua haikunyesha niliimwagilia kwa kikombe. Kufikia katikati ya Aprili ilikuwa imebaki miwili.

Bibi yangu anaishi Misungwi. Alipokuja mjini kwa matibabu akayaona makopo matano matupu, alicheka mpaka mbavu zikamuuma. "Mjukuu wangu," akaniambia, "umewahi kumwona mtu amebeba ndoo kwenda kumwagilia minyaa ya uani?"

Sijawahi. Wewe je?

Mimea hii ni ipi hasa?

Wauza miche wa mjini huiita sakulenti. Ni mimea inayohifadhi maji ndani ya majani, shina au mizizi yake, ndiyo maana ukiibonyeza inakuwa minene na yenye majimaji. Siyo jamii moja ya mimea. Ni mimea ya koo nyingi tofauti iliyojifunza ujanja mmoja wa kuishi mahali penye mvua za kubahatisha.

Mingi unaifahamu tangu utotoni. Mshubiri ni mmoja wao. Minyaa ya uzio wa boma ni mingine, na mpungate nao umo. Hata mkonge ule unaopandwa mipakani mwa mashamba Usukumani ni wa kundi hili, ingawa asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche yake kutoka Florida, Marekani. Husimuliwa kwamba kati ya miche elfu moja, iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalianza mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga na Pangani. Mmea unaoweza kukaa miezi safarini bila udongo wala maji kisha ukaota, huo siyo wa kusumbuliwa na kikombe cha maji kila asubuhi.

Inayouzwa mjini kwenye vikopo ni ndugu zao wadogo. Ile yenye umbo la waridi, majani yamepangana duara, asili yake ni Mexico. Ile midogo yenye majani magumu yenye mistari au madoa meupe, na ule mti mdogo wenye majani mviringo yanayong'aa, hutoka kusini mwa Afrika. Ule wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye mabaka ya kijani na pembeni njano, ni wa Afrika Magharibi, lakini ndugu zake wa porini wako hapa hapa Tanzania.

Kwa nini maji yanaiua?

Mmea wa kawaida, tuseme mhindi au mchicha, hufungua vitundu vidogo sana vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kutengenezea chakula. Vitundu vikiwa wazi juani, maji hutoka kama mvuke. Ndiyo maana mchicha hunywea saa nane mchana hata kama uliumwagilia asubuhi.

Mingi ya mimea hii hufanya kinyume. Mchana hufunga vitundu. Usiku, kukiwa na ubaridi, huvifungua, huvuta hewa na kuihifadhi ndani ya jani katika hali ya uchachu. Kukicha hufunga tena na kuutumia ule uchachu pamoja na mwanga wa jua kutengeneza chakula. Mwaka 1813 daktari mmoja aliyekuwa India, Benjamin Heyne, aliandika kwamba alionja jani la mmea wa aina hii akalikuta chachu asubuhi, na kufikia mchana uchachu ulikuwa umeisha. Wewe usionje, nitaeleza baadaye kwa nini. Mkonge hufanya hivyo, na nanasi pia.

Kwa hiyo maji yanayotoka ni kidogo sana. Ukiongeza mengine kila siku, hayana pa kwenda. Yanabaki kwenye udongo, yanajaza nafasi zote ambazo hewa ingepita, na mizizi inakosa pumzi. Mizizi ikikosa pumzi hufa, kuvu huishambulia, na uozo hupanda taratibu mpaka kwenye shina. Wewe uliye juu unaona jani limelegea, unadhani ni kiu, unaongeza maji.

Hapo ndipo pa kutofautisha. Mmea wenye kiu majani yake hukunjamana na kuwa membamba, lakini ukiyabonyeza bado ni magumu kidogo. Uliozidiwa na maji majani yake ya chini huwa ya njano, laini, yanapenyeza mwanga, na yanadondoka ukiyagusa tu. Angalia pia shina pale linapoingia udongoni. Likiwa jeusi, usisubiri kesho. Ng'oa, kata juu ya pale peusi kwa kisu safi mpaka uone nyama isiyo na doa, acha kipande kivulini siku tano mpaka kidonda kikauke, kisha kichomeke kwenye mchanga mkavu. Maji mpe baada ya wiki. Hivyo ndivyo nilivyookoa ule wa pili kati ya miwili yangu.

Udongo: hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Ukiniuliza jambo moja la kulifanya vizuri, nitakwambia udongo. Mengine yote utayarekebisha njiani.

Wakulima wa Usukumani wanaujua udongo kwa majina, na majina hayo yatakusaidia kuliko mfuko wa dukani. Mbuga ni ule udongo mweusi wa mabondeni, wa majaruba ya mpunga. Ukilowa unanata kwenye viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kwa mpunga ni mali, lakini kwa mimea hii ni kaburi, maana unashika maji kwa siku nyingi na ukikauka unaibana mizizi mpaka kuikata. Miche yangu mitano ilikufia humo. Niliuchota bondeni kwa kuwa ulionekana mweusi na wenye rutuba.

Luseni ni ule udongo wa kichanga wa kupanda mihogo na karanga. Ukimwaga maji yanazama hapo hapo. Huo ndio wa kuanzia. Chukua ule wenye chembe kubwa, hasa karibu na miguu ya vilima vya mawe, ambako mawe ya granaiti yamekuwa yakimomonyoka yenyewe. Mchanga laini wa ufukweni mwa ziwa usiutumie peke yake. Chembe zake ni ndogo, hushikana na kuwa kama sakafu.

Kitu cha pili Mwanza tumejaliwa: kokoto. Kwenye vilima vingi vya jiji hili wapo akina mama na vijana wanaogonga mawe, na mahali wanapogongea hubaki chenga ndogo ambazo mafundi hawazitaki. Omba chenga za ukubwa wa punje ya mahindi au ya choroko. Zichekeche kuondoa vumbi, kwa sababu vumbi la mawe likilowa hugeuka kama saruji, kisha zioshe.

Mchanganyiko wangu ni huu: makopo mawili ya mchanga wa chembe kubwa, kopo moja la chenga za kokoto, na kopo moja la samadi iliyooza kabisa, ile isiyo na harufu tena. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Changanya vikiwa vikavu. Kujua kama umepata, lowesha kiasi kidogo, kibane mkononi, kisha fungua kiganja. Kikibaki donge, ongeza mchanga. Kikisambaratika, uko sawa.

Huhitaji kununua chungu. Kopo la maziwa, dumu la mafuta la lita moja lililokatwa, kikombe kilichopasuka, sufuria iliyotoboka, vyote vinafaa, ila lazima viwe na matundu chini. Pasha msumari moto utoboe matundu matatu au manne. Chungu cha udongo ndicho bora kuliko vyote kwa masika yetu, kwa sababu hata ubavu wake hupumua na kukausha. Chagua kilicho kidogo. Mmea wa ukubwa wa kiganja ukiuweka kwenye ndoo, udongo wote usiofikiwa na mizizi utabaki umelowa.

Na hicho kisahani cha chini ukikitumia, mwaga maji yake muda huo huo. Maji yakilala humo wiki moja mbili, umefuga mbu.

Kumwagilia kwa kalenda ya ziwa

Kanuni yenyewe ni fupi: ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke matunduni, kisha usirudie mpaka udongo ukauke hadi chini. Kujua kama umekauka, chomeka njiti ya mshikaki mpaka mwisho, iache dakika mbili, itoe. Ikitoka na udongo umenata, ondoka zako.

Ni baada ya siku ngapi? Hapo ndipo video za kwenye simu zinapotupoteza. Nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na utasikia zinasema mmea unalala wakati wa baridi, usimwagilie Desemba. Sisi Desemba hatuna theluji. Tuna mvua za vuli. Miezi yetu ya kavu ni Juni, Julai na Agosti, ambapo upepo unakausha hata nguo nzito kwa nusu siku. Wakati huo mimi humwagilia kila baada ya siku nane hadi kumi, na ile midogo sana mapema kidogo. Oktoba mvua zikianza naihamishia chini ya upenu isipigwe na mvua moja kwa moja, na nasubiri wiki mbili au zaidi kati ya maji na maji. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo miezi ya hatari kuliko yote. Kuna wiki tatu nzima sikuipa hata tone mwaka huu, na haikulalamika.

Walioko visiwani na wanaokaa karibu kabisa na maji waongeze subira kidogo, maana hewa yao ina unyevu na udongo unachelewa kukauka.

Maji ya ziwa yanafaa kwa sababu hayana chumvi nyingi; ya mvua yanafaa zaidi. Wanaotumia visima virefu wataona baada ya miezi ukoko mweupe juu ya udongo. Hiyo ni chumvi. Mara moja moja mimina maji mengi ya mvua yapite mpaka chini yaisombe.

Jua

Video hizo hizo zitakwambia weka mmea dirisha la kusini, kwa kuwa kwao jua liko kusini mwaka mzima. Hapa siyo hivyo. Mwanza jua hupita juu ya utosi katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Kati ya Machi na Septemba adhuhuri jua liko upande wa kaskazini wa nyumba. Kuanzia Oktoba linahamia kusini. Ukuta uliokuwa na kivuli Juni utaungua Desemba. Kwa hiyo mahali salama kuliko pote ni upande wa mashariki, panapopata jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano, kisha kivuli.

Jihadhari na ukuta wa bati. Joto linalorudi kutoka kwenye bati saa tisa alasiri linaweza kubabua majani kwa siku moja, na kovu lake halifutiki. Mmea uliotoka kwenye kivuli cha muuzaji uzoeze jua polepole, saa moja zaidi kila siku chache. Ukiona umerefuka shingo na majani yameachana, hilo ni kosa la upande wa pili: unautafuta mwanga. Usogeze.

Kuuzidisha bila kununua tena

Hii ndiyo sehemu inayowafanya watu wasiache. Mingi yake huzaa kwa jani. Chagua jani lililonona, lishike karibu na shina, lizungushe taratibu litoke zima pamoja na kikonyo chake. Likikatikia katikati haliwezi. Liache kivulini siku tatu nne mpaka kidonda kiwe kikavu. Lilaze juu ya mchanga, usilizike. Nyunyizia maji kidogo mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona vijizi vya rangi ya waridi vimechungulia, na baadaye mmea mdogo kama kichwa cha kiberiti. Jani mama litanywea lenyewe. Liache, ndilo linalomnyonyesha.

Siyo majani yote yatakubali. Kati ya kumi, nikipata sita nashukuru. Mshubiri huna haja ya kuhangaika na majani yake, kwa kuwa hayaoti. Wenyewe hutoa watoto pembeni, wa kung'oa na kupanda.

Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata, jamaa wa wale wanaoharibu mihogo. Watoe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na uuweke mmea huo mbali na wenzake.

Watoto, mbuzi na kuku

Nilisema usionje. Sababu ya kwanza iko uani kwako. Maziwa ya mnyaa yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Ndugu zake wadogo wanaouzwa kwenye vikopo, ikiwemo ile yenye miiba mingi na maua mekundu, nao wana maziwa hayo. Ukiwakata vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi na usijishike usoni. Mtoto akirukiwa jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, usiweke dawa nyingine yoyote, kimbilia kituo cha afya.

Sababu ya pili inawahusu wafugaji. Ule mmea ambao jani lake likianguka chini huchipua watoto pembezoni, na jamaa zake wenye maua ya vishada, una sumu inayoshambulia moyo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Afrika Kusini wafugaji wamepoteza mifugo kwa mimea ya ukoo huu kwa miaka mingi. Unapopunguza matawi, usiyatupe pale mbuzi wanapopita. Na kwa kuwa kila jani linaota, usiyatupe shambani pia, utakuja kunilaumu.

Kuhusu kuku, najua wengi huweka mshubiri kwenye maji yao wakati wa mdondo. Sitagombana na mtu kwa hilo, lakini usiache chanjo kwa sababu ya mshubiri. Tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu ndilo linalozuia mdondo. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Ya milimani yaache milimani

Kuna wasikilizaji wameniuliza: kwa nini nitoe elfu tatu wakati mishubiri imejaa kwenye mawe? Naelewa swali hilo. Lakini mshubiri uliokaa kwenye ufa wa jiwe unaweza kuwa umeanza kukua kabla hujazaliwa, na ukiung'oa mara nyingi mizizi hukatika na unafia kwenye kopo. Tanzania ina aina nyingi za mishubiri, na kadhaa hazipatikani nchi nyingine yoyote. Afrika Kusini imeonyesha mambo yanavyoweza kwenda: tangu karibu mwaka 2019, baada ya mimea midogo ya jangwani kupata wanunuzi mtandaoni, polisi huko wamekamata iliyong'olewa kwa mamia ya maelfu.

Sheria nayo ipo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, hapa hapa jijini, huruhusiwi kuchukua hata jani. Na mishubiri yote ya porini imo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kuivusha kwenda Kenya au Uganda bila kibali ni kosa, hata ukiipakia kwenye boti pamoja na dagaa. Ule wa kawaida wa nyumbani, Aloe vera, ndio pekee ulioachwa nje ya orodha hiyo.

Kilichoruhusiwa na kisicho na gharama ni kwenda mlimani kuangalia. Angalia mmea umeota upande gani wa jiwe, una udongo kiasi gani chini yake, maji ya mvua yanapita wapi. Mimi nimejifunza zaidi kwa nusu saa kwenye mawe ya Capri Point kuliko kwa wiki nzima ya video. Udongo uliokuwa pale ungeweza kuujaza kwenye kikombe cha chai.

Kwa anayeanza, mwezi mzuri ni Juni, masika yakishaisha. Anza na miwili: mshubiri mmoja, na ule wa majani kama panga, ambao utakuvumilia hata ukiusahau mwezi mzima. Ukienda kununua, uchomoe kidogo uangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia na inanuka, mrudishie muuzaji kwa upole.

Mimi ile miwili sasa imekuwa kumi na mmoja. Mitatu nilimpelekea bibi Misungwi mwezi uliopita. Ameipanga juu ya jiwe karibu na zizi, mbuzi wasikofika, na kila nikipiga simu ananiambia hajaimwagilia bado.